Nusu Digrii

Ripoti imelala mezani, Ubungo:
bahari yetu imepanda nusu digrii.
Nusu tu. Chai ikipoa hivyo, ulimi haujui.

Jangwani wameshapandisha magodoro juu ya bati.

Usiku Shomvi akapiga simu kutoka Helsinki,
anakoendesha trekta la kuzoa theluji:
"Dada, Januari inakwisha, barabara nyeusi tii.
Na sisi hulipwa kwa zamu."

Nikamweleza. Joto la hapa
hupanda na mawingu, likausukuma upepo wa juu,
nao ukausukuma mwenzake,
kama foleni ya Magomeni, bega kwa bega,
hadi kwenu. Si kila mwaka.
Mwaka huu, naona, ndiyo.

Akanyamaza.
"Kwa hiyo mshahara wangu uko Jangwani?"

Nje, maji yalipita na ndala moja,
ya mguu wa kulia.