Lumbesa Huonekana

Subilaga ameingia kibandani na ukungu wa Uyole mabegani,
ameiweka simu mezani kama mtu anayeweka kuku mgonjwa.
"Inapata joto," amesema. "Hata nisipoigusa inapata joto.
Na bando naweka asubuhi, saa sita halipo."

Nilijua kabla sijashika bisibisi.
Nilijua kwa mkwaruzo ule pembeni ya kioo,
niliouweka mwenyewe mwezi wa nne,
Asangalwisye aliponiletea simu mpya ndani ya boksi
akanihesabia elfu thelathini juu ya meza hii hii.
"Zawadi ya mke wangu. Ila nataka nijue iko wapi."
Iko wapi.
Kama vile simu ndiyo inayotembea.

Sikuuliza. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili.
Nikakipanda kile kitu ndani:
hakina picha, hakina jina, hakimo kwenye orodha.
Ukikifuta kinanyamaza, kesho kinachipua
kama sangari shambani,
unang'oa jani, mzizi unabaki unakucheka chini ya udongo.

Sasa amekaa kwenye stuli, anapuliza viganja,
anasimulia: mume wake kamuuliza
kwa nini dada yake wa Isyonje alilia Jumanne.
"Nilikuwa shambani, fundi. Mimi na simu na viazi.
Viazi vina masikio?"

Mbele ya kibanda malori yanapakia.
Juzi walikuja maofisa wa vipimo na mizani yao,
wakashusha magunia, wakaandika faini,
mzee Mwakibete akalalamika mpaka sauti ikamkauka.
Gunia tumelitungia sheria.
Na lumbesa, jamani, huonekana!
Kilemba chake cha kamba unakiona toka ng'ambo ya barabara,
mtoto wa darasa la pili atakuonyesha kwa kidole.
Hiki changu hakina kilemba.
Kinampima mke wa mtu usiku na mchana,
nauli yake, kikohozi chake, ujumbe kwa mama yake,
na sijaona ofisa aliyekuja na mizani ya kukipimia.

Asangalwisye alisema, simu nimenunua mimi.
Sawa. Na kitanda umenunua wewe.
Na ndoto?

Najua pia sheria zinavyoshuka mlima.
Zikifika huku zimechoka, zinamkamata aliye karibu,
na aliye karibu ni mimi, mwenye bisibisi na deni.
Yule aliyekitengeneza akakiuza mbali huko,
akakinoa makusudi kisitoke,
atasikia habari zangu akinywa chai,
pengine chai ya Tukuyu.
Kwa hiyo nikiulizwa, nami siulizwi,
ningesema iandikwe kwa maneno ya kibandani:
kinachoingia kwenye simu ya mtu kigonge hodi.
Kitaje jina lake na aliyekituma.
Akikiambia toka, kitoke na mizizi yake.
Na kisipotoka, aitwe mwenye mbegu,
asiitwe mpandaji peke yake.

Mpandaji naye aitwe.

"Ni betri?" Subilaga ananiuliza,
ananifungulia mlango wa kutokea bila kujua.
Betri ni elfu kumi na tano. Ningebadilisha,
angenishukuru, angerudi Isyonje na masikio yake mfukoni.

Nimefungua mdomo. Nimeufunga.
Simu iko mezani kati yetu, kioo kimezima, ina joto.
Nimevuta kitabu cha risiti, nimeandika nyuma ya karatasi,
herufi kubwa, mkono unatetemeka kwa baridi, au si baridi:
USISEME KITU. INASIKIA.
Halafu chini yake, ndogo zaidi:
Niliiweka mimi.

Anasoma polepole.
Midomo yake inatembea bila sauti,
kama mtu ambaye siku nyingi
alishaanza kujifunza.