Kisigino cha Ukuta

Mita tisa na nusu. Nilipima mara tatu,
nikitumaini mlima utaona haya upungue.
Haukupungua.
Juu, nyumba ya Bibi Havva,
jiko limening'inia ukingoni kama jino la utotoni.
Chini, barabara ya kwenda zahanati,
upana wake gari la wagonjwa na mtu mmoja aliyejibana.
Katikati ni pangu: mita mbili na robo,
na mvua ya Rize, isiyojua kubisha hodi.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema utaukalisha wapi.

Maana ukuta mrefu hutaka kisigino kirefu
kirudi nyuma, chini ya udongo,
ili udongo ule ule unaousukuma uukalie, uushikilie.
Ujanja wote ndio huo: mpe adui kiti.
Lakini kisigino changu, kila nikikichora,
kinaingia chini ya kitanda cha Bibi Havva.
Nikigeuza, vidole vinatokea barabarani,
na watu wa manispaa wananipigia simu kabla wino haujakauka.

Nikafikiria nanga: nyaya kumi na mbili za chuma
zipenye mshazari hadi ndani ya mlima.
Nikapanda ngazi na karatasi ya ridhaa.
Akanimiminia chai katika bilauri yenye kiuno,
akaisoma karatasi yote, hata namba za kurasa.
"Chuma chini ya kitanda changu?
Marehemu Ziver alikoroma humo miaka arubaini.
Imetosha."
Hakutia sahihi.

Nilipoinuka niliona bakuli la bati
chini ya dirisha la jikoni, likipokea tone,
tone,
kutoka ukutani, si bombani.
"Tangu lini?"
"Tangu tuhamie. Oktoba halitoshi, naweka sufuria."
Nikaketi tena. Chai ya pili. Ya tatu.

Sufuria ile haikuwamo kwenye ripoti ya udongo.
Walitoboa mashimo mawili wakati wa kiangazi, wakaandika: pakavu.
Nami usiku na mchana nilikuwa nachora ukuta wa kuzuia udongo,
kumbe atakayekuja ni maji.

Nikafuta. Karatasi ikachanika nikaanza nyingine.
Visima kumi na vitatu, safu moja, bega kwa bega,
vishuke hadi mwambani na kuingia humo mita sita,
vijazwe nondo na zege:
kilichozikwa hadi kiunoni hakidai kisigino.
Nyuma, kokoto na kitambaa cha kuchuja.
Mbele, matundu, safu nne.
Seyfi mkandarasi akauliza kwa nini nitoboe
kitu ninachokijenga kwa bei hiyo.
Nilimpeleka akaone bakuli.

Mashine haikuenea. Wakaingia watu,
Cafer na mdogo wake, sururu, kapi na ndoo,
wakichimba kimoja, wakiruka kimoja,
wasije wakauamsha mlima wote kwa pamoja.
Kisima cha saba, mdogo mtu alipiga kelele kutoka chini.
Mchana huo tulivuta tope, kisha maji safi,
baridi kiasi cha kuuma meno.
Cafer alikunywa kwanza, akatukana baadaye.

Halafu Oktoba. Siku tatu mchana na usiku.
Nililala garini, tochi mkononi,
nikisoma kipimo kilele cha ukuta kila baada ya saa mbili:
kumi na moja, kumi na sita, kumi na tisa.
Hesabu yangu iliruhusu milimita ishirini na tatu.
Kumi na tisa. Kumi na tisa. Kumi na tisa.
Mikono ilinitetemeka hata kalamu ikaniponyoka.

Alfajiri matundu yote yalikuwa yanatoa,
ya safu ya chini kwa vishindo, ya juu kwa kusitasita.
Bibi Havva akashuka amejifunga shali, bakuli kwapani.
Alilichunguza lile la tatu kutoka kushoto,
akaliweka bakuli chini yake, akasikiliza.
"Jikoni ni pakavu," alisema, kama anayeshtaki.
"Sikupata usingizi. Kimya mno."