Kijiti Nyuma ya Mlango

Kaka yangu Mukabwa alikuwa fundi wa Grogani,
oili imemwingia hadi kwenye mistari ya viganja,
akifufua magari ya watu tangu ujana
na jioni akirudi Kariobangi kwa miguu.
Hajawahi kumiliki hata baiskeli.
Sahara pia aliivuka kwa gari la watu.

Alirudi na mfuko wa plastiki, koti la msaada,
na kijiti hiki. Sijui uwanja wa ndege walimpitishaje nacho.
Kinanifika kifuani. Upande mmoja kimechongwa ncha,
upande wa pili kimelainika kwa jasho.
Nilidhani ni kuni, nikatafuta panga.
Aliniangalia. Nikalirudisha panga.

Siku tatu baadaye ndipo aliponiambia:
Agadezi hakuna tiketi. Unanunua kijiti.
Unakichomeka kati ya magunia, ukingoni mwa lori,
unakipakata kama mtoto,
miguu inaning'inia nje juu ya mchanga,
na hicho ndicho kiti chako, mkanda wako, dua yako.
Dereva hasimami. Dereva ana deni lake.
Dumu la maji umelivika gunia bichi,
jina lako umeliandika kwa wino mzito,
maana kiu haijui jirani.

(Hapa kwetu maji huja Jumanne.
Yasipokuja, tunangoja Jumanne nyingine.
Nilimkuta akinawa uso kwa kifuniko cha chupa
ilhali mfereji unamwaga.
Nikaufunga. Sikusema neno.)

Siku ya nne lori lilikohoa, likanyamaza.
Watu thelathini na mmoja wakashuka kutafuta kivuli
na kivuli kilikuwa kimoja tu, chini ya injini.
Humo ndimo alimoingia Mukabwa.
Pampu ya dizeli: ugonjwa anaoujua kama jina la mama.
Akaifungua kwa spana ya kuazima,
akaunyonya mchanga kwa mdomo, akautema, akanyonya tena,
mpaka chuma kikaguna.
Wakamshangilia kwa lugha saba.
Dereva akamfungulia mlango: Fundi, kaa mbele.

Kila mara hukomea hapo.
Huomba chai. Huuliza bei ya unga.

Juzi usiku stima zilipotea,
akaendelea mwenyewe gizani:
Kijiti changu nikamwachia Ebrima, Mgambia,
alikuwa amebanwa katikati, hana hewa.
Alinishukuru. Unasikia? Alinishukuru.
Mbele kulikuwa na kiti, na redio, na usingizi.
Alfajiri tukafika penye kisima.
Kijiti kilikuwa pale pale, wima kati ya magunia.
Na dumu lake. Na jina lake, wino haujafutika.

Niliutafuta mkono wake. Nikaukuta umekishika.

Siku hizi nikifua, Mukabwa hukitoa mwenyewe,
hukisimamisha chini ya kamba iliyolegea
shuka zisiburure kwenye vumbi la ploti.
Upepo ukija shuka huvimba,
kamba hutaka kwenda,
naye husimama kando, macho kwenye kijiti,
hadi nguo zikauke.
Nikimwambia ingia ndani, jua kali,
hunijibu:
Acha kwanza nikishike kidogo.