Daftari la Gari la Kumi na Saba

Andika, nikaambiwa, wewe uliyefundishwa herufi:
wapiga pinde sita,
wenye filimbi wawili
(ndivyo tulivyoliita bomba lile la chuma,
filimbi, kana kwamba lilikuja harusini),
wabeba ngao wawili, waendesha farasi wawili,
wenye mikuki wanne,
wapuraji wanne.
Jumla ishirini.

Sikuandika kwamba Havel Kostka, mpuraji wa kwanza,
alikuja na fimbo ileile aliyopuria shayiri ya bwana wake
miaka kumi na miwili,
mhunzi akaiongeza misumari tu.
Mkono ulikuwa umeshajua.
Vita havikumfundisha kitu
ila kutotazama punje.

Zamani za babu zetu, hapa Bohemia,
vita vilikuwa chuma juu, matope chini,
na aliye chini hana la kuamua
ila upande wa kukimbilia.
Farasi mmoja wa vita, pamoja na deraya yake,
alikula bei ya ng'ombe wa kijiji kizima.
Sisi tulikuwa na magari ya samadi.

Ondrej wa Brusna, nahodha mwenye sauti ya kupasua kuni,
hakutufundisha ushujaa.
Ushujaa, alisema, ni wa wanaotaka kusifiwa.
Alitufundisha gurudumu:
la mbele la gari hili liegemee la nyuma la lile,
mnyororo upite mara mbili,
ubao ushushwe hata paka asipenye chini.
Tukafunga. Tukafungua. Tukafunga.
Mvua ikanyesha tukifunga.
Dorota, mjane wa msaga unga,
aliyeziba pengo la mpiga pinde aliyeuawa na kuhara,
alikuwa akimaliza kabla Baba Yetu haijafika kwenye mkate.

"Na mkishafunga," akasema Ondrej, "msitoke.
Mengine yote sahauni. Msitoke."

Siku ilipofika walikuja wakimeta kama mto.
Ardhi ilitetema hata wino wangu ukafanya mawimbi.
Tukangoja.
Kungoja ni silaha; sijaona karani aliyeiorodhesha.
Hatua mia. Hamsini. Nikaona meno ya farasi.
Ndipo filimbi zikalia zote,
na moshi, na wanyama wale wakubwa wakigeuka ubavu,
maana hawakuwahi kuambiwa
kwamba ukuta unaweza kuja kwa magurudumu.
Walioanguka, deraya ziliwalaza chali kama kobe.
Havel akashuka kwenye upenyo.
Puu. Puu.
Mdundo wa shayiri.

Jioni aliniomba niandike kwamba bwana wake alikuwa mmoja wao.
Nikamwuliza, jina lake nani?
Akafikiri kitambo.
"Bwana," akasema.

Miaka ikapita kumi na zaidi, wala hakuna aliyeuvunja ukuta wetu wa mbao.
Lakini hila haina mwenyewe.
Maadui nao wakaunda magari,
wakahesabu ishirini, wakafunga mara mbili.
Kisha wenzetu wa jana, tuliokunywa nao kikombe kimoja,
wakahamia upande ule
na kila fundo letu vichwani mwao.
Siku ile walitupiga kidogo,
wakageuza magari, wakaanza kukimbia.
Tukashangilia.
Nani alifungua mnyororo?
Nimelisoma daftari hili usiku mwingi nikimtafuta.
Nina majina ishirini, na mikono arobaini,
na yote ninaiona juu ya mnyororo, na yangu imo.

Hawakuwa wanakimbia.

Nikapiga mstari juu ya Havel. Juu ya Ondrej.
Mistari ikawa mingi, nikaacha kupiga,
nikaandika chini: Jumla, wawili.

Dorota amerudi kwenye kinu kisicho na jiwe.
Gurudumu moja la gari letu linafunika kisima chake.
Hatuzungumzi habari hizi, tunazungumza kuku.
Ila mavuno yakifika, na ghala la jirani likaanza,
puu, puu,
huweka chini alichoshika, hutoka uani,
huenda kutazama lango
kama limefungwa mara mbili.