Karatasi Zilizoharibika

Linoliamu ukiiweka juani hulainika,
kisu kikazama kama kwenye jibini.
Hivyo alinifunza Obdulia
katika karakana yake nyuma ya soko, Oaxaca,
sigara mdomoni, haijawahi kuwashwa,
aproni imesahau rangi iliyozaliwa nayo.

Wiki tatu kabla ya uchaguzi tunatafuta mkono.
Bango la kuwaita wanawake wakapige kura:
uso una mwenyewe, alisema,
mkono ni wa yeyote.

Nikaanza na ngumi.
Shangazi Tomasa, muuza chapati za mahindi,
akaitazama, akakunja yake, akaikunjua.
"Huyu kagombana na nani?
Mimi nikikunja hivi, donge litaniponyoka."

Nikachora mwingine, mwembamba, wa kucha ndefu.
"Na huyu hajamenya kitu tangu azaliwe."

Basi nikamwomba wake.
Akaulaza mezani, wa kulia,
kama mtu anayeweka rehani.
Kovu la kikaango. Pete iliyozama nyamani.
Unga katika kila ufa.
Nilichonga siku mbili, naye akisimulia
bila kupandisha sauti:
kijijini kwao mkutano ulikuwa wa wanaume,
wanawake walipika,
wakakisia kilichoamuliwa
kwa jinsi sahani zilivyorudi.

Dole gumba nililiacha jeusi tii,
wino wa kituo cha kura.

Usiku ule nilichapa peke yangu, karatasi mia mbili,
kwa haraka ya mtu anayetaka kusifiwa.
Asubuhi Obdulia akainua moja kwenye mwanga.
Mkono wa kulia umekuwa wa kushoto; hilo si neno.
Lakini maneno yalikwenda kinyumenyume kama kaa.
Nilikuwa nimesahau kuyageuza.

Hakufoka. Alihesabu karatasi,
akahesabu pesa zilizobaki koponi,
akasema, chonga upya.

Tukachonga. Tukabandika kwa uji wa ngano
ukutani kwa posta, kituo cha basi, mlango wa kinyozi.
Jumatano mvua ikayavua yote
kama mdai anayefuata nguo zake.

Zile mia mbili za aibu Tomasa alikwisha zibeba.
Karatasi ni karatasi.
Alifungia chapati.

Jumapili, nje ya kituo, mwanamke nisiyemjua,
Crescencia, muuza nyuzi,
aliona wino kwenye kucha zangu akaniuliza
kama ni mimi niliyechora ule mkono wenye mafuta.
"Nilidhani ni lugha ya ng'ambo.
Binti yangu akaipeleka kwenye kioo cha kabati,
ikasomeka, lakini kwa mbali sioni,
ikabidi nisogee,
nikasogea,
nami nikawamo."

Alisema hivyo akiwa amelinyoosha dole gumba pembeni,
bado bichi,
hajui aliweke wapi
lisiichafue blauzi nyeupe ya kanisani.