Risiti ya Maabara

Kidonge kilikuwa kidogo, nusu waridi, nusu cheupe,
cha kutuliza kiungulia.
Nilikimeza Jumanne, nikafungua duka langu la vifungo Kariakoo,
na kabla fundi Chikawe hajamaliza kuhesabu zipu zake
midomo yangu ilikuwa imeumuka kama andazi.

Leo, Upanga, ghorofa ya pili,
Siwatu ananifunga mpira mkononi.
"Kunja ngumi, mama." Nakunja.
Vichupa vitatu vinajaa, bado vya moto.

Anasema chembe zangu nyeupe zitakutanishwa na dawa
humo ndani ya kioo, mimi nisiwepo.
Zikiwaka, mkosaji tumempata.
Zisipowaka, bado hatujui:
damu nayo ina siku zake za kununa.

Ajabu. Miaka arobaini na sita naishi nayo,
inanizunguka usiku kucha sijaiuliza neno,
leo inahojiwa na mgeni mwenye glavu.

Je, ikimtaja na nduguye, yule wa kopo la njano?
Na binamu yao wa sindano?
Basi nitalala nimekaa,
mito mitatu mgongoni, nikimeza mate machungu.

Naomba kalamu. Nyuma ya risiti
naandika jina la kidonge kwa herufi kubwa,
naikunja, naiweka pochini ilipo picha ya mama,
ili siku nikikosa sauti
karatasi iseme.

Nje, joto la Februari. Muuza mihogo ananijua:
"Pilipili kama kawaida?"
Tumbo linajibu kabla yangu.