Punje Mbili za Mchele

Kazi yangu mimi vipimo.
Miaka kumi na tisa nazunguka vituo vya karafuu,
Ole, Kangagani, Mtambwe, Mgagadu,
naweka jiwe la kilo kumi juu ya mizani ya mtu
na kuitegea sikio.
Mizani ikisema uongo haipigi kelele:
sumaku chini ya sahani, uzi wa mshipi,
kidole gumba cha karani kilichochoka upande mmoja.

Ndiyo maana Raya Ngwali akaniita mimi.
"Njoo skuli, hapa Wete, usiku, upepo ukishalala.
Nina kitu kinazunguka. Nambie kama kinaiba."

Kitu chenyewe kigae, cheusi, kipana kama kisahani cha chai.
Kakioka katika tanuri la mafunzo ya amali, Vitongoji;
sita vilipasuka, cha saba kikakubali.
Kitie baridi kali, kasema,
umeme ukiingia humo hauchoki tena,
haudaiwi ushuru njiani,
na sumaku ukiiweka juu yake haitui,
inaelea, kama mgeni aliyekataa kiti.

Baridi tuliazima.
Daktari Shaame wa mifugo alileta mtungi wa naitrojeni,
ule wa kuhifadhia mbegu za madume.
"Nirudishieni kabla ya Alhamisi," kasema,
"kuna ng'ombe Konde hawezi kusubiri fizikia."

Mbali huko, zamani kidogo, yupo aliyedai
kigae kama hiki kikizungushwa mbio
kilicho juu yake hupungua uzito,
sehemu mbili katika elfu kumi.
Wengine wakarudia, hawakuona kitu.
Wengine wakaona, kesho yake hawakuona.
Neno lenyewe halikufa likazikwa,
halikupona likatembea.

Tukatundika risasi ya gramu mia mbili
kwenye mizani ya sonara wa Chake.
Usiku wa nne, kigae kinavuma,
ikapungua.

Punje mbili za mchele, basi.

Raya akakaa sakafuni, kanga imemwanguka begani,
akasema, "Baba."
Sikumuuliza. Wete nzima inajua
mkarafuu gani, tawi gani, msimu gani.

Nilifurahi, nakiri, kama mtoto siku ya Idi.
Kisha ile kazi yangu ikanizindua.
Nikasema, toa kigae. Weka kifuniko cha chungu.
Zungusha vilevile, baridi ileile.
Punje mbili.
Kifuniko cha chungu, jamani! Cha mchuzi wa pweza!
"Upepo," akasema Raya,
kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.
Kinachozunguka kinakoroga hewa,
hewa inainua risasi kidogo,
na sisi tunaita muujiza.

Tukaziba pande zote kwa kioo na nta.
Kigae kikarudi mahali pake.
Umeme ukakatika, ukarudi, tukaanza upya.
Sufuri.
Sufuri.
Nusu ya punje: kumbe nimekohoa, nimegusa meza.
Sufuri.
Ardhi haikulegeza mkono.

Mimi daftarini huandika "sahihi",
au "si sahihi, ifungwe", nikatia muhuri.
Yeye akaandika hukumu nisiyoizoea:
"Kama kipo, ni kidogo kuliko jicho la mizani hii."
Akapiga mstari chini, akatia tarehe.

Alfajiri tukaurudisha mtungi, bado unatoa moshi shingoni,
yeye kashika mkono mmoja, mimi mkono mmoja.
Njia nzima kimya.
Tulipokaribia geti la mifugo akaniuliza,
"Huna mizani ndogo zaidi ya ile?"
Nikamwambia, ya kupimia nini, na tushajua?
"Tushajua mpaka hapa,"
akasema, akinionesha ncha ya ukucha.